Orki wako atakuwa wa rangi gani? Usikimbilie kijani kwanza

MPE mtu yeyote anayependa gemu kijisanamu cha orki na brashi, na kabla hujageuka ashachovya kwenye kijani. Ukimuuliza sababu, atakuangalia kama umeuliza kwa nini maji ni maji. Si orki huwa wa kijani, bana?

Si lazima. Na habari ya nani aliamua zimwi liwe na ngozi gani inakuhusu wewe wa maji ya kunde kuliko unavyodhani.

Kama uko mgeni kwa haya mambo, orki ni zimwi la hadithi za kubuni, kubwa, lenye meno yaliyochomoza. Goblini ni kama ndugu yake mdogo, masikio marefu na ujanja mwingi. Huuzwa kama vijisanamu vya kuchezea michezo ya mezani kama Dungeons & Dragons na Warhammer. Vingi vina kimo cha milimita 28 hivi, na kichwa chake hakizidi punje ya mahindi. Mara nyingi vinakuja bila rangi. Kupaka ni kazi yako.

Kijani kilitoka wapi?

Hakikutoka kwa J.R.R. Tolkien, mwandishi Mwingereza aliyewapa orki umaarufu kupitia The Lord of the Rings mwaka 1954 na 1955. Orki wake ni weusiweusi ama wa manjano ya mgonjwa. Kwenye barua ya mwaka 1958 aliwafananisha na watu wa sura ya Kimongolia walioharibika, akasema mwenyewe kwamba hapo anafuata macho ya Wazungu. Umeona shida inapoanzia? Zimwi lilitengenezwa kwa kuazima sura ya watu halisi.

Mwaka 1977, Gary Gygax wa Dungeons & Dragons alitoa kitabu cha Monster Manual. Orki wake ni wa hudhurungi, ama hudhurungi yenye kijani, na mng'ao wa samawati juu yake. Goblini ni wa manjano, chungwa iliyofifia, hadi wekundu wa matofali. Goblini wa kijani hayupo hapo.

Waliokisambaza kijani ni Games Workshop, kampuni ya Nottingham, Uingereza, kupitia Warhammer iliyoanza 1983. Katika ulimwengu wao wa Warhammer 40,000, orki wana asili ya kuvu, ukoo mmoja na uyoga, kwa hivyo kijani kina maana yake. Halafu 1994 ikaja gemu ya kompyuta ya Warcraft, nayo ikawapaka orki kijani. Basi, ikawa mazoea.

Lakini tulia usikie hii. Hadithi ya Warcraft ilipoendelea, tukaambiwa orki walikuwa wa hudhurungi tangu mwanzo, na uchawi wa pepo ndio uliowageuza kijani. Wale wasioguswa na huo uchawi, wanaoitwa Mag'har, wamebaki hudhurungi. Kwa hivyo humo hudhurungi ndiyo ngozi yenye afya, kijani ndiyo doa.

Hata Dungeons & Dragons imebadilika. Mwaka 2020 wenye mchezo walitangaza kwamba hawataki tena orki wachukuliwe kuwa ukoo wa uovu mtupu. Kwenye kitabu cha wachezaji cha 2024, orki ni mmoja wa viumbe 10 unavyoweza kuchagua kuwa shujaa wako.

Chupa inayoitwa ngozi

Sasa angalia rangi zenyewe. Kwa miaka mingi, neno Flesh kwenye chupa, yaani rangi ya mwili, lilimaanisha mwili wa Mzungu. Kampuni ya krayoni ya Crayola iliacha kuita waridi yake Flesh mwaka 1962, ikaiita Peach. Kwenye vijisanamu neno liliendelea. Games Workshop waliuza Dwarf Flesh na Elf Flesh, zote za kuelekea waridi na chungwa. Leo wana Waaagh! Flesh, na hiyo ni kijani cha orki.

Na ngozi nyeusi? Wachoraji wengi huanzia Rhinox Hide, hudhurungi nzito iliyopewa jina la ngozi ya mnyama.

Hebu fikiria meza ya mchezo. Mashujaa wote waridi, maadui wote hudhurungi. Pengine hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini mtoto wa dada yako akisimama hapo aangalie nani anaua na nani anauawa, atasoma nini?

Ngano za nyanya zetu zilikuwa mbele hapa. Kwenye nyingi, zimwi huja na sura ya kijana mtanashati, na msichana hulitambua kwa mdomo wa pili ulio kisogoni, uliofichwa na nywele. Ubaya uko kwa mdomo unaokula watu, si kwa rangi ya ngozi.

Chagua hivi

Sisemi usipake orki wa hudhurungi. Nasema uwe na sababu. Anza na makao yake. Wa kwenye kinamasi apate kijani kilichochanganyika na tope. Goblini wa pangoni haoni jua, mpe kijivu kilichopauka na vivuli vya zambarau. Wa nyika kavu anapendeza na manjano ya udongo ama ule wekundu wa matofali wa 1977. Wa mlima wenye theluji, kijivu cha samawati.

Ukitaka hudhurungi, tia tone la kijani ama kijivu ndani yake ili jicho lijue huyu si binadamu. Halafu kwa upande wa mashujaa, paka binadamu wa kila aina: weupe, maji ya kunde, weusi tititi. Ukatili wa zimwi uonyeshe kwa mkao, silaha na macho.

Huhitaji chupa ishirini. Nyekundu, manjano, samawati, nyeusi na nyeupe za akriliki zitakufikisha mbali. Samawati na manjano hukupa kijani kikali cha kama sahani ya plastiki. Tia nyekundu kidogo sana, kinatulia mara moja, kwa sababu nyekundu na kijani huzimana. Kivuli usikifanye kwa nyeusi, tumia samawati ama zambarau. Sehemu zinazopigwa na mwanga ziongezee manjano, si nyeupe. Mwisho, gusa wekundu mwepesi kwenye pua, midomo, ncha za masikio na vifundo vya vidole, mahali damu iko karibu na ngozi. Hapo ndipo zimwi linaanza kupumua.

Binadamu mweusi naye ana kanuni zake. Anza na hudhurungi nzito yenye wekundu, vivuli zambarau, mwanga chungwa ama manjano ya udongo. Ukimtilia nyeupe atapauka, aonekane kama msee aliyetoka nyumbani asubuhi ya Julai bila kujipaka mafuta. Na usisahau viganja na nyayo ni vyeupe kuliko mwili wote. Maelekezo mengi ya mtandaoni hayagusii hilo, lakini wewe unalo mkononi, liangalie tu. Vanishi yenye mng'ao kidogo kwenye paji la uso na mashavu inamaliza kazi.

Mambo mengine madogo. Chuja rangi kwa maji hadi iteleze kama maziwa, upake mara mbili nyepesi badala ya mara moja nzito, la sivyo utafukia sura yote. Praima nyeusi huzima rangi, nyeupe huichangamsha, kwa hivyo jaribu kwanza chini ya kitako cha kijisanamu. Kagua kazi mchana karibu na dirisha, maana balbu ya manjano hudanganya. Na ngozi ya hudhurungi ikipotelea ndani ya nguo za hudhurungi, badilisha nguo. Ngozi iache ilivyo.

Ukishajua zimwi lako linaishi wapi na ukaona bado linataka kijani, paka kijani, hakuna noma. Ila ukimfikia kiongozi wa mashujaa, kabla hujashika ile waridi, tazama mkono ulioshika brashi. Hiyo pia ni rangi ya ngozi, na kuna uwezekano mkubwa hakuna aliyeipaka kwa meza yenu.