Mafindofindo: kisu, umeme na wiki mbili za kuangaliwa

Kamati ya usharika inapoombwa kuchangia matibabu ya mtoto mwenye mafindofindo, au tonsesi kama wengi tunavyosema, swali la kwanza huwa ni gharama ya upasuaji. Tunaomba liongezwe la pili: akishakatwa, mtoto atalala wapi kwa wiki mbili?

Si kila mafindofindo hukatwa. Kipimo kinachotumiwa na madaktari wengi ni mtoto kuugua koo mara 7 katika mwaka mmoja, au mara 5 kila mwaka kwa miaka 2, au mara 3 kila mwaka kwa miaka 3. Sababu nyingine ni mafindo makubwa yanayomziba pumzi usingizini. Wengine hutosheka na dawa, mradi wamalize dozi, kwani kuna bakteria wa koo ambao wakiachwa huweza kuharibu vali za moyo. Kwa mkata kimeo asipelekwe. Kimeo si mafindofindo, na wembe huo umewahi kuleta pepopunda na vifo vya kutokwa damu.

Hospitalini mtoto hupewa nusu kaputi na daktari hupitia mdomoni. Njia ya zamani ni kubandua mafindo kwa kisu na mkasi, kisha mishipa ya damu hufungwa kwa nyuzi. Nyingine ni kifaa cha umeme kinachokata na kuziba mishipa kwa joto: damu hutoka kidogo mezani, lakini maumivu ya baadaye huelekea kuwa makali zaidi. Ya tatu, iliyokuja mwishoni mwa miaka ya 1990, hupitisha umeme katika maji ya chumvi kwa joto dogo. Vifaa vyake ni ghali.

Ufuatiliaji uliofanyika Uingereza mwaka 2003 na 2004 kwa wagonjwa zaidi ya 33,000 ulionyesha kuwa waliofanyiwa kwa njia za joto walitokwa damu baadaye zaidi kuliko wa kisu na nyuzi. Kwa hiyo wafadhili wasidhani hospitali inayotumia kisu imebaki nyuma.

Damu huweza kutoka katika saa 24 za kwanza, halafu tena kati ya siku ya 5 na ya 10, kigaga kinapobanduka. Wakati huo mtoto wa Ikombe ameshavushwa kwa mtumbwi kurudi kwao, na ziwa likichafuka usiku hakuna wa kumvusha kwenda Matema, sembuse Mbeya. 

Mzazi ampe parasetamoli kwa saa zake, hata usiku. Aspirini asipewe, wala dawa yenye kodeini. Anywe maji kila mara na ale mapema: uji, ndizi zilizopondwa, wali laini. Utando mweupe kooni si usaha, na maumivu ya sikio ni ya kawaida. Akionekana anameza-meza usingizini, mmulikeni kooni kwa tochi. Damu mbichi, hata kidogo, ni safari ya hospitali saa hiyo hiyo.

Barua ya maombi kwa kamati basi ionyeshe nauli ya watu wawili, chakula cha siku 14, na jina la mwenyeji atakayewapokea karibu na hospitali.