Mwandishi na Jina la Kubuni: Funzo Kutoka kwa Søren Kierkegaard

Mtu atiaye jina lake chini ya maandishi yake huweka dhamana. Ni kama amwambiaye msomaji: ukiona kosa hapa, unidai mimi. Kwa sababu hiyo wengi hulitazama jina la kubuni kwa mashaka, wakidhani kwamba alitumiaye ama anaogopa, ama anadanganya. Mashaka hayo si ya bure, hasa kwetu sisi watumishi wa Neno, ambao tumeitwa kushuhudia hadharani. Hata hivyo, historia ya Kanisa yatuonyesha kwamba jina la kubuni limetumika kwa sababu mbalimbali, wala si zote za aibu. Makala hii inakusudia kuzieleza baadhi ya sababu hizo, na kumtazama kwa karibu Mlutheri mmoja aliyelitumia kwa namna ya pekee.

Kwanza yafaa tutofautishe mambo matatu. Kuandika bila kutaja jina lo lote, kama ilivyo katika Waraka kwa Waebrania, ni jambo moja. Kujitwalia jina la mtu mwingine mwenye mamlaka ni jambo la pili, Wathesalonike walitahadharishwa juu ya waraka uliodaiwa kutoka kwa mitume (2 The. 2:2). Jina la kubuni ni jambo la tatu. Ajitwaliaye jina la mwingine huazima mamlaka isiyo yake, lakini ajibuniaye jina hana mamlaka yo yote ya kuegemea. Kitabu chake husimama au huanguka kwa uzito wa hoja zake. Desturi hii si ngeni kwetu, kwa maana baadhi ya washairi wa Kiswahili wamejulikana magazetini kwa lakabu zao kuliko kwa majina waliyopewa na wazazi wao.

Sababu mbili za kulitumia jina la namna hiyo zinaeleweka kwa urahisi. Ya kwanza ni kulifikisha neno mahali ambapo jina la mwandishi limefungiwa mlango. Mwaka 1529 Martin Bucer, mwanamatengenezo wa Strasbourg, alitoa ufafanuzi wa Zaburi kwa jina la Aretius Felinus. Alitaka kitabu hicho kisomwe Ufaransa, ambako jina lake lingetosha kukifanya kikataliwe kabla hakijafunguliwa. Hata Philipp Melanchthon, alipomtetea Luther mwaka 1521, alijiita Didymus Faventinus.

Sababu ya pili ni ubaguzi wa wasomaji. Charlotte, Emily na Anne Brontë, binti za mchungaji wa Haworth huko Uingereza, walichapisha mashairi yao mwaka 1846 kwa majina ya Currer, Ellis na Acton Bell. Mwaka 1850 Charlotte alieleza kwamba waliona waandishi wanawake hawahukumiwi kwa haki. Hapa aibu haimwangukii afichaye jina, bali yule ambaye upendeleo wake umelazimisha lifichwe.

Sababu ya tatu ni ngumu zaidi, nayo ndiyo ya Søren Kierkegaard (1813–1855) wa Copenhagen. Alisoma theolojia, ila hakuwekewa mikono kuwa mchungaji. Mwaka 1843 alitoa kitabu kikubwa kiitwacho Ama–Au, kikiwa na jina la Victor Eremita kama mhariri. Tarehe 16 Oktoba mwaka huo huo vilitoka vitabu vyake vitatu kwa siku moja. Hofu na Kutetemeka, kinachohusu Ibrahimu na sadaka ya Isaka, kilikuwa na jina la Johannes de silentio. Marudio kilikuwa na jina la Constantin Constantius. Lakini hotuba tatu za kujenga imani alizitoa kwa jina lake mwenyewe.

Jambo hilo latuonyesha kwamba kusudi lake halikuwa kujificha tu. Majina yale yalikuwa wahusika, kila mmoja na mtazamo wake wa maisha. Johannes de silentio humstaajabia Ibrahimu, lakini hukiri kwamba yeye mwenyewe hana imani ya namna hiyo. Kierkegaard alihofu kwamba katika nchi ambayo kila raia huhesabiwa kuwa Mkristo, msomaji atayapokea mafundisho kwa kuwa ni ya mwalimu fulani, kisha aende zake bila kuamua lo lote. Kwa kujiondoa mbele ya msomaji, alimwacha peke yake na swali. Mwaka 1846, mwishoni mwa kitabu kingine, alikiri kuwa ndiye aliyeviandika vyote, akaomba kwamba atakayenukuu ataje jina la mhusika, si lake.

Baadaye jina la kubuni lilipata kazi nyingine. Ugonjwa wa Mauti (1849) na Mazoezi katika Ukristo (1850) vilitolewa kwa jina la Anti-Climacus, naye Kierkegaard akajitaja kuwa mhariri tu. Vitabu hivyo vinaweka dai la Ukristo juu sana, naye hakutaka ionekane kwamba yeye amelifikia. Jina la kubuni likawa namna ya toba: mwandishi alijiketisha pamoja na wasikilizaji.

Lakini saa ya kushtaki ilipofika, alifanya kinyume. Askofu Mynster alifariki Januari 1854, naye Martensen akamsifu katika mahubiri kuwa shahidi wa kweli. Desemba mwaka huo Kierkegaard alizipinga sifa hizo katika gazeti la Fædrelandet, na mwaka 1855 akaendeleza mashtaka yake juu ya Kanisa la Denmark katika kijarida chake, Wakati. Yote hayo aliyatoa kwa jina lake mwenyewe. Aliona kwamba amshtakiye mwingine hana budi kusimama mahali anapoweza kujibiwa.

Tofauti hiyo yatuhusu sana. Barua zisizo na jina zinazomchafua mzee wa kanisa au mchungaji haziwezi kujitetea kwa mfano wa Kierkegaard, maana jina analofichiwa mshtakiwa humnyima haki ya kujitetea. Inapokuwa mshtaki anatishiwa maisha au riziki yake, ni wajibu wa Kanisa kumpatia mahali salama pa kusema, ili asilazimike kuandika gizani.

Na kwa upande wa mimbara, sisi hatuwezi kupanda kwa jina la kubuni. Kila Jumapili tunalitamka Neno lililo juu kuliko maisha yetu, na washarika wanatufahamu. Kierkegaard aliweza kumtanguliza Anti-Climacus. Mhubiri hana wa kumtanguliza. Yampasa kulihubiri Neno lote bila kulipunguza ili lilingane na kimo chake, na kulisikia kwanza kama lililoelekezwa kwake yeye mwenyewe.