Maziwa ya Mama Yanapotoka kwa Nguvu

Karagita ni kijiji kikubwa kando ya barabara ya Moi South Lake, karibu na mji wa Naivasha, katika kaunti ya Nakuru. Wakaaji wake wengi wametoka mbali, wakaja kutafuta kazi katika mashamba ya maua yaliyo kandokando ya ziwa. Nyumba za kupanga zimejengwa mlango kwa mlango, hata mtoto akilia usiku jirani husikia. Basi asubuhi mama mwenye mtoto mchanga hupata mashauri ya kila namna, ya Wakikuyu, ya Wajaluo, ya Waluhya na ya Wakisii, na mengi hutolewa kwa moyo mwema. Lakini liko shauri moja ambalo limewanyima watoto wengi haki yao, nalo ndilo lililotufanya tuandike habari hii.

Jambo lenyewe huwa hivi. Mama amejifungua salama, na wiki mbili au tatu zimepita. Matiti yake yamejaa. Mtoto anaanza kunyonya kwa hamu, lakini mara anapaliwa, anakohoa, anaiachia chuchu na kulia kwa hasira, huku maziwa yakimrukia usoni. Tumbo lake hujaa hewa, na aghalabu hucheua maziwa mengi. Jirani akiona hayo husema: "Mtoto huyu anayakataa maziwa yako. Ama ni mabaya, ama hayamtoshi. Mpe uji mwepesi, au mnunulie maziwa ya kopo." Mama naye, kwa kuwa amechoka na ana hofu, husadiki.

Tazama ajabu ya neno hili: mama mwenye maziwa tele anaambiwa kwamba hana maziwa!

SABABU YAKE

Mtoto anapoanza kunyonya, habari hupelekwa kwa mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo wa mama. Hapo tezi ndogo iliyo chini ya ubongo hutoa kitu kiitwacho oksitosini, ambacho husafiri katika damu hadi kwenye matiti. Kikifika, misuli midogo inayozunguka vifuko vya maziwa hujibana, na maziwa husukumwa kuelekea kwenye chuchu. Mama wengine huhisi kama wanachomwa na visindano wakati huo, na titi la pili huanza kudondoka lenyewe.

Kwa mama wengi maziwa huja kwa kiasi kinachomfaa mtoto. Kwa wengine huja kwa nguvu, hasa katika wiki za kwanza, kwa sababu mwili bado haujajua kipimo cha mtoto. Mtu mzima akiweka kinywa chake chini ya bomba lililofunguliwa lote, hapana budi atapaliwa. Je, mtoto wa wiki tatu atafanyaje? Hayakatai maziwa. Anajaribu kuvuta pumzi.

Habari njema ni kwamba taabu hii kwa kawaida hupungua yenyewe. Mtoto hukua na kujifunza kumeza, na mwili wa mama hujifunza kutengeneza kiasi kinachotakiwa. Mama wengi huona nafuu kabla mtoto hajatimiza miezi mitatu. Kazi iliyopo ni kuzivuka wiki hizo bila ya kumwachisha mtoto titi.

LA KUFANYA

Kwanza, badili namna ya kukaa. Mama wengi huinama juu ya mtoto, na hivyo maziwa humwagika kooni mwake. Afadhali uegemee nyuma juu ya mito au blanketi lililokunjwa, kisha umlaze mtoto kifudifudi juu ya kifua chako, pua yake ikiwa wazi. Hapo maziwa hayana budi kupanda, na nguvu yake hupungua. Waweza pia kulala ubavu, mtoto akiwa ubavu mkabala nawe, ili maziwa yaliyozidi yatiririke nje ya kinywa chake. Lakini uwe macho wakati wote huo, usije ukashikwa na usingizi.

Pili, usingoje titi lijae mno. Mnyonyeshe mtoto mara kwa mara, kabla hajalia kwa njaa kali, maana mtoto mwenye njaa kali huvuta kwa nguvu, na maziwa huzidi kukimbia.

Tatu, maziwa yakianza kuruka, mtoe mtoto kwa upole. Tia kidole kisafi pembeni mwa kinywa chake ili aachie chuchu bila ya kuiumiza, kisha kinga maziwa kwa kitambaa au kikombe safi. Mruko ukipungua, mrudishe. Ikiwa titi ni gumu, kamua kidogo kwa mkono kabla ya kunyonyesha, lakini usikamue mengi, kwa maana kadiri utoavyo ndivyo mwili utengenezavyo, na taabu yako itazidi.

Nne, mpumzishe. Mwinue begani, umpapase mgongo polepole mpaka hewa itoke, ndipo umrudishe.

Wako mama ambao maziwa yao ni mengi kupita kiasi, na mtoto hupata choo cha kijani chenye povu. Wauguzi huweza kumshauri mama wa namna hiyo atumie titi moja kwa saa kadhaa kabla ya kubadili. Shauri hili lisifuatwe bila ya muuguzi, kwani titi lililoachwa limejaa laweza kuvimba na kuugua.

UJI NA KOPO

Shirika la Afya Duniani na serikali ya Kenya hushauri kwamba mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi sita ya kwanza, bila ya maji wala uji. Wakenya wengi wamesikia. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2008 na 2009 ulionyesha kwamba watoto 32 tu katika kila 100 walio chini ya miezi sita walilishwa hivyo. Uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 60. Lakini hao 40 waliosalia si wachache.

Tena katika Bonde la Ufa iko sababu zaidi. Maji ya visima vingi vya sehemu za Naivasha na Nakuru yana floraidi nyingi, ambayo hutia meno ya watoto rangi ya kahawia. Kuyachemsha maji huua vijidudu lakini hakuondoi floraidi. Maziwa ya kopo yakikorogwa kwa maji hayo, mtoto hunywa floraidi kila siku. Maziwa ya mama huwa na floraidi kidogo sana, hata kama mama mwenyewe anakunywa maji hayo hayo.

MAMA WAENDAO KAZINI

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 humpa mama likizo ya miezi mitatu yenye mshahara. Ikiisha, mama wa Karagita hurudi shambani asubuhi na kuja nyumbani jioni, matiti yamejaa kama mawe. Mtoto akishika titi hupaliwa tena, na watu husema amelisahau. Hajalisahau hata kidogo. Kamua kidogo kwanza, egemea nyuma, kisha mpe.

Ijulikane pia ya kuwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017 humtaka mwajiri atenge mahali safi pa kunyonyeshea au kukamulia maziwa, na kumpa mama nafasi ya kufanya hivyo, isiyozidi jumla ya saa 1 katika kila saa 8 za kazi. Mama asione haya kuuliza. Na maziwa yaliyokamuliwa mtoto apewe kwa kikombe kisafi.

WAKATI WA KWENDA HOSPITALI

Mpeleke mtoto upesi akigeuka rangi ya buluu midomoni, akishindwa kupumua, akiwa na homa, au akipaliwa kila mara hata maziwa yanapotoka polepole. Mpeleke pia ikiwa haongezeki uzito, au ikiwa baada ya siku ya tano analowesha nepi pungufu ya 6 kwa siku. Mama naye aende akiona homa, au sehemu ya titi iliyo nyekundu, ngumu na yenye maumivu.

Mwisho, neno kwa akina baba na majirani. Mama huyu hahitaji lawama, wala kopo. Ahitaji mtu wa kumletea mto wa kuegemea, kumpikia chakula na kumshikia mtoto apate usingizi. Wazee walisema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Mtoto mchanga naye ataka kibaba chake kijazwe vivyo hivyo, haba na haba, wala si kwa gharika.