Trauti wa Mito ya Milimani na Majira ya Maji

Wasomaji wetu wakaao karibu na Mlima Kenya na milima ya Nyandarua, iitwayo pia Aberdare, huenda wamepata kumwona mtu amesimama ndani ya mto baridi, maji yamemfika magotini, akirusha mshipi mrefu nyuma na mbele kama apungaye mjeledi. Wengi huuliza: Kwa nini mtu ajisumbue hivyo kwa ajili ya samaki mmoja, tena bila kutia hata mnyoo kwenye ndoana yake? Twapenda kueleza habari hii kwa utaratibu, kwa maana ndani yake mna jambo kubwa kuliko mchezo. Samaki huyu aitwaye trauti ni shahidi wa maji, na maji hayo ndiyo tunywayo sisi sote.

ASILI YAKE

Trauti si mwenyeji wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1905 Ewart Grogan, yule Mwingereza aliyejulikana kwa safari yake ya kutoka Cape hata Cairo, aliwaleta trauti wa kahawia wa Loch Leven, katika nchi ya Scotland, wakatiwa katika Mto Gura, utokao milima ya Nyandarua. Mwaka 1910 wakaletwa trauti wa namna ya pili kutoka Afrika ya Kusini, ambao asili yao ni mito ya pwani ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Hao wa pili hutambulikana kwa utepe wa rangi nyekundu-nyekundu upitao ubavuni toka kichwani hata mkiani, nao huitwa kwa jina la upinde wa mvua. Trauti wa kahawia hana utepe huo, bali ana madoa meusi na mekundu. Wote wawili walizaana, wakaenea katika mito mingi ya milimani, wala hawahitaji mtu wa kuwalisha.

Yatupasa kusema kweli hapa. Samaki huyu aliletwa kwa burudani ya walowezi, si kwa kitoweo cha wenyeji. Wakikuyu wa zamani hawakuwa na desturi ya kula samaki. Kwa hiyo kwa miaka mingi mto ulipita mlangoni pa mwenyeji, lakini samaki aliyemo akahesabiwa kuwa ni wa mwingine. Mawazo hayo hayana budi kuachwa, kwa sababu mto wenyewe ni wetu sote, na afya yake ni faida yetu sote.

MAJI AYATAKAYO

Trauti hupenda maji baridi, safi, yaendayo mbio. Sababu yake ni hewa. Samaki huvuta hewa iliyoyeyuka ndani ya maji kwa matamvua yake, na maji baridi hubeba hewa nyingi kuliko maji ya vuguvugu. Kwa kipimo cha usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye baridi ya digrii 10 za Selsiasi huweza kubeba miligramu 11 hivi za oksijeni. Yakifika digrii 25 hubeba kama miligramu 8 tu. Basi maji yakipita digrii 20 trauti hulegea na kuacha kula, na yakikaribia digrii 25 huwa katika hatari ya kufa. Ndiyo maana hapa kwetu, karibu na ikweta, hukaa juu milimani tu.

Jambo la pili ni changarawe. Jike atakapo kutaga huchimba shimo kwa mkia katika changarawe safi, huweka mayai, kisha huyafunika. Mayai hukaa humo majuma kadha, na maji hayana budi kupenya kati ya vijiwe na kuyaletea hewa. Tope likishuka na kuziba nafasi hizo, mayai hufa pale pale yalipo, wala hapana mtu aonaye msiba huo.

JINSI AVULIWAVYO

Chakula kikubwa cha trauti ni wadudu. Wengi wa wadudu hao huishi kwanza chini ya mawe ya mto kwa miezi mingi, kisha hupanda juu ya maji, huota mabawa na kuruka. Mvuvi humwiga mdudu huyo. Huchukua ndoana ndogo, akaifunga manyoya ya kuku au ya mnyama kwa uzi mwembamba, hata ikafanana na nzi. Nzi huyo hana uzito, hivyo hawezi kutupwa mbali kama jiwe. Kwa hiyo mshipi wenyewe hufanywa mzito, na ufito huwa mrefu, wa kupindika. Mshipi ndio urushwao, nao humchukua nzi. Mwisho wa mshipi hufungwa uzi mwembamba usioonekana upesi, ili samaki asishuke moyo.

Nzi ni wa namna mbili. Mmoja huelea juu, mfano wa mdudu aliyekwisha kuota mabawa. Wa pili huzama, mfano wa mdudu ambaye bado yu chini au yuko njiani kupanda. Mvuvi mwenye akili hutazama kwanza mto wafanya nini, ndipo achague. Tena hukumbuka kwamba trauti huelekeza kichwa juu ya mto, akingoja chakula kiletwe na maji. Kwa hiyo humwendea kutoka nyuma, yaani upande wa chini, polepole, bila kuangusha kivuli majini wala kugonga mawe kwa miguu. Mvumilivu hula mbivu.

MAJIRA YA MTO

Katika Uingereza kalenda ya mvuvi hufuata baridi na joto. Trauti wa kahawia hutaga majira ya baridi, na mito hufungwa kwa sheria mpaka majira mapya. Hapa kwetu urefu wa mchana haubadiliki sana, na wadudu hawatoweki mwaka mzima. Kalenda yetu ni mvua.

Mwezi wa Januari na Februari mto hupungua na kuwa mwangavu kama kioo. Samaki huona mbali na kuogopa upesi. Huo ni wakati wa uzi mwembamba kabisa na nzi mdogo, asubuhi mapema na jioni. Toka Machi hata Mei masika hujaza mto. Mvua inapoanza, maji yakiingia rangi kidogo tu, trauti hula kwa pupa, kwa sababu mvua humletea wadudu na minyoo kutoka ukingoni. Lakini mafuriko yakiwa makubwa, mvuvi na akae nyumbani, kwa usalama wake mwenyewe. Toka Juni hata Septemba mawingu hufunika vilele, baridi huwa kali, na mto hutulia. Nayo ni miezi mizuri ya kuvua. Kisha mvua fupi huanza Oktoba na kuendelea hata Desemba, na mzunguko hurudi.

Sasa tutazame jambo moja. Mto utokao katika msitu mzima huingia rangi wakati wa mvua, lakini hutakata tena baada ya muda mfupi. Wakati wa kiangazi hupungua, lakini haukauki. Mto uliokatiwa miti hufanya kinyume: hufurika kwa ghafula, hubeba udongo mwekundu wa mashamba, kisha kiangazi kikija hubaki mawe matupu yenye madimbwi ya vuguvugu. Trauti ndiye wa kwanza kuondoka katika mto wa namna hiyo. Mwanadamu hufuata baadaye, akienda na ndoo kutafuta maji mbali.

Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe katika wilaya ya Nyeri mwaka 1940, ameeleza katika kitabu chake Unbowed cha mwaka 2006 jinsi mti mkubwa wa mkuyu uliokuwa karibu na kwao ulivyokatwa, na kijito kilichokuwa karibu nao kikakauka. Mwaka 1977 alianzisha harakati ya kupanda miti iliyojulikana duniani kote, na mwaka 2004 akapewa Nishani ya Nobel ya Amani. Katika milima ya Nyandarua, ua wa umeme wenye urefu wa kilomita 400 hivi ulianzwa mwaka 1989 na kumalizika mwaka 2009, ili kulinda msitu na wanyama wake, na kulinda mashamba pia. Kutoka milima hiyo jiji la Nairobi hupata sehemu kubwa ya maji yake, na mito kama Gura huishia katika Tana, ambao huendesha mitambo ya umeme.

WAJIBU WETU

Machifu na wazee waweza kufanya mengi. Kwanza, ukingo wa mto usilimwe. Uachiwe nyasi na miti ya asili, ili mizizi izuie udongo na kivuli kipoze maji. Pili, maji machafu ya kuoshea kahawa yasimwagwe mtoni, kwa kuwa yakioza humaliza hewa iliyomo. Tatu, sumu isitumiwe kabisa kuvulia, kwani huua wadogo na wakubwa pamoja, na anywaye chini ya mto hadhuriki kidogo. Nne, avuaye na apate leseni kwanza. Akipata samaki mdogo amrudishe, akilowesha mikono kabla ya kumshika ili asimwondolee ute wa ngozi. Tano, mtu asihamishe trauti na kumtia katika mto asikokuwako, maana ni mla nyama, naye aweza kuangamiza vyura na samaki wenyeji.

Kwa walimu twatoa shauri jepesi. Wapelekeni watoto mtoni siku ya kiangazi, mahali ambapo maji ni haba. Geuzeni mawe machache, mkawatie wadudu katika sahani nyeupe yenye maji. Mkiona wadudu bapa wenye mikia miwili au mitatu, na wengine waliojijengea nyumba za vijiwe na vijiti, jueni mto huo ungali mzima. Mkiona minyoo myekundu tu katika tope, mto ni mgonjwa. Andikeni hesabu daftarini kila majira, na kisha warudisheni wadudu mtoni na mawe mahali pake. Samaki mkunje angali mbichi: mtoto aliyejifunza kusoma mto akiwa shuleni hataukatia miti atakapokuwa na shamba lake.