Foleni, banio na maombi yanayosubiri: maneno ya kubana kasi ya diski

Foleni ni nomino ya ngeli ya I-/ZI- iliyoingia katika Kiswahili kutokana na amri ya kijeshi ya Kiingereza inayowataka askari wajipange mstarini. Asili hiyo yaeleza maana yake ya kwanza, yaani mpangilio ambamo aliyetangulia kufika ndiye anayetangulia kuhudumiwa. Katika miji ya Tanzania neno hilo limepata maana ya pili, ile ya magari kujaa barabarani, na hapo mpangilio si sharti tena. Kwa msafiri aliyechelewa tofauti hiyo haina uzito. Kwa anayefasiri maandishi ya kompyuta ina uzito mkubwa, kwa sababu magari yaliyojaa bila utaratibu ni msongamano, na kompyuta haipangi msongamano bali hupanga foleni.

Mwezi wa Januari 2014 mafuriko ya mto Mkundi yaliikata barabara kuu ya Morogoro–Dodoma penye daraja la Dumila, mji mdogo wa wilaya ya Kilosa uliopo panapokutana barabara hiyo na ile ya kwenda Kilosa. Mabasi na malori yakasimama pande zote mbili. Siku ile barabara ilipofunguliwa tena, foleni haikutoweka pamoja na kizuizi: kila gari lilikuwa bado na safari yake, na lilipaswa kuvushwa moja baada ya jingine. Hakuna dereva ambaye angekubali kuambiwa kwamba foleni imekwisha ilhali yeye bado yuko ng'ambo ya huku. Picha hiyo inatosha kueleza sehemu kubwa ya mambo yanayofuata.

Mashine pepe ni kompyuta iliyoundwa kwa programu ndani ya kompyuta halisi. Seva moja huweza kubeba makumi ya mashine za namna hiyo, zote zikisoma na kuandika katika hifadhi ileile ya diski. Mashine moja ikianza kunakili faili kubwa, nyingine huhisi kana kwamba diski imekufa. Ndiyo sababu programu zinazoendesha mashine pepe, QEMU ikiwa mojawapo ya zinazojulikana sana, humwezesha msimamizi kuwekea kila diski kikomo cha kasi. Kitendo hicho wafasiri wengine hukiita kukaba au hata kunyonga, wakifuata sura ya neno la kigeni. Chaguo hilo halifai. Anayekabwa hukosa pumzi na huenda akafa. Diski iliyowekewa kikomo inaendelea kufanya kazi, ila kwa kiasi. Kubana ni bora zaidi, na wakulima wa umwagiliaji nchini wameshatengeneza nomino yake: banio, yaani mahali maji ya mto yanapozuiwa na kugawiwa mifereji kwa kipimo. Banio halikaushi mto. Kutokana na mzizi huohuo hupatikana ubanaji, neno linalofaa kwa kitendo chenyewe.

Kipimo hupatikanaje? Njia inayotumika sana ni ile ya ndoo yenye tundu. Kila ombi la kusoma au kuandika humimina maji ndani ya ndoo, na maji hutoka tunduni kwa kasi isiyobadilika, ambayo ndiyo kikomo kilichowekwa. Ndoo ikijaa, ombi linalofuata hungoja mpaka nafasi ipatikane. Wengi husema ndoo inayovuja, lakini kuvuja katika Kiswahili huashiria hitilafu, na mwanafunzi huweza kudhani kwamba ndoo imeharibika na kwamba data inapotea. (Methali ya pakacha likivuja ni nafuu kwa mchukuzi ingekuwa maelezo mazuri hapa, iwapo kilichovuja kingekuwa mzigo wenyewe. Lakini maji ya ndoo hii ni kumbukumbu ya kazi iliyokwisha kupita, wala si data.)

Maji hayo hupimwa kwa namna mbili: kwa idadi ya maombi katika sekunde, au kwa idadi ya baiti. Mfasiri asizichanganye. Ombi la kilobaiti 4 na ombi la megabaiti 1 yote mawili ni ombi moja, kama vile pikipiki na lori lenye tela zote ni gari moja zikihesabiwa darajani. Anayebana kwa idadi peke yake hupitisha malori. Kwa hiyo QEMU ina kigezo kinacholifanya ombi kubwa lihesabiwe kuwa maombi kadhaa.

Hatari huanza pale maombi yanapongoja kupita kiasi. Tuseme diski imebanwa kwenye megabaiti 1 kwa sekunde, na mfumo endeshi uliomo ndani ya mashine pepe ukatuma kwa pamoja maombi 64, kila moja la megabaiti 0.5. Jumla ni megabaiti 32, hivyo ombi la mwisho litangoja takriban sekunde 32. Linux, kwa kawaida, huzipa diski za jamii ya SCSI sekunde 30 kujibu. Sekunde hizo zikipita, mfumo hauna njia ya kujua kwamba kuna banio: huhukumu kwamba diski imeharibika, hujaribu kulifuta ombi na kuianzisha diski upya, na hatimaye huweza kukataa kuandika chochote. Diski nzima imedhaniwa mbovu, kumbe ilikuwa foleni tu.

Hapa ndipo uteuzi wa kitenzi unapoweza kuleta hasara. Kuondoa foleni ni kauli ya kila siku, nayo ina maana mbili zinazopingana. Yaweza kuwa kumaliza foleni, yaani kuyahudumia maombi yote hadi la mwisho, au kufuta foleni, yaani kuyatupa bila kuyahudumia. Kabla ya mashine pepe kuhamishiwa seva nyingine, au diski yake kuchomolewa, maombi yote yanayongoja lazima yafike diskini. QEMU husitisha kikomo kwa muda ili foleni imalizike upesi, kisha shughuli iendelee. Mwongozo utakaomwambia msimamizi afute foleni mahali hapo utakuwa umemwelekeza kupoteza maandishi ambayo hayajafika. Katika maandishi ya kiufundi, basi, kuondoa kuachwe, na kumaliza au kufuta kutumike kwa kadiri ya maana iliyokusudiwa. Hata ombi likifutwa kwa makusudi, aliyelituma lazima ajibiwe kwamba limeshindikana. Ombi lisilopata jibu lolote ni baya kuliko lililokataliwa.

Kuondoa kikomo nako si kumaliza foleni. Ombi linalongoja limewekewa saa ya kuliamsha, iliyokokotolewa kwa kikomo cha zamani. Msimamizi akifuta kikomo, programu haina budi kuyaamsha maombi yaliyolala. Isipofanya hivyo, mapya yatapita mbio huku ya zamani yakisubiri bila sababu. Vivyo hivyo diski kadhaa zinaposhiriki kikomo kimoja na kupokezana zamu: diski yenye zamu ikichomolewa, zamu ikabidhiwe nyingine, la sivyo kundi zima litamngoja aliyekwisha kuondoka.

Ni kwa hali hizo mbili tu ambapo maombi yaliyokwama ni kauli sahihi. Kwa nyakati nyingine zote yaandikwe maombi yanayosubiri, kwa kuwa kusubiri kuna zamu mbele yake.

Mlolongo na msururu hutajwa mara nyingi kuwa visawe vya foleni. Mlolongo, neno ambalo nchini Kenya bado linakumbusha uchaguzi wa 1988, wapiga kura walipojipanga nyuma ya wagombea wao, laonyesha kufuatana kwa watu au vitu, msururu vilevile. Hakuna kati yake linalobeba wazo la kungoja huduma. Katika fasihi yanafaa, ila katika mwongozo wa seva foleni ibaki foleni.

Mifano ya matumizi: Diski imebanwa kwa maombi 100 kwa sekunde. Maliza foleni kabla ya kuihamisha mashine pepe. Ubanaji umesitishwa, na maombi yaliyokuwa yakisubiri yameamshwa.