Kusafisha, Kuchekecha na Kuchambua

Wiki hii tuanzie Rusimbi, mjini Kigoma. Mama mmoja mfanyabiashara alimwachia kijana wake gunia la dagaa wakavu, akamwambia, "Wasafishe hawa, jioni wanapakiwa." Kijana akateka maji, akawaosha. Wakafungwa wakiwa wangali mbichi kwa maji. Gunia lilipofunguliwa huko lilikokwenda, ni ukungu mtupu, na mtaji umekwenda.

Mimi namlaumu aliyetuma. Dagaa walioanikwa juu ya mchanga wa ufukweni, badala ya vichanja, hubeba mchanga. Mchanga huo huchekechwa: unapita kwenye matundu, dagaa wanabaki. Takataka nyepesi hupepetwa kwa ungo, zikachukuliwa na upepo. Kijiti au dagaa aliyeoza huchambuliwa kwa vidole. Maji hayamo kabisa.

Kiingereza kina njia yake: hukifungia kitenzi kijineno nyuma. Kutoa mchanga kwa chekecheo ni "sift out", kutoa kibovu kwa mkono ni "pick out". Tena kijineno hicho kina vituko. Ukisema "wash up", Mwingereza ataosha vyombo, Mmarekani atanawa uso na mikono!

Sisi vitenzi tunavyo tayari. Vyombo tunaosha, nguo tunafua, mikono tunanawa, mwili tunaoga. "Safisha" hutaja matokeo tu, haisemi kazi ifanywe vipi.

Kijana yule siku hizi hagusi gunia kabla ya kuuliza, "Mama, nichekeche au nichambue?"