Injini Ikizimika Angani

Bila shaka umewahi kuona ndege ndogo ikipita juu ya kijiji. Nyingi za ndege hizo zina injini moja tu. Je, injini hiyo ikizimika, ndege huanguka kama jiwe? Hapana.

Mtazame mwewe. Hutandaza mabawa bila kuyapiga, akateleza hewani. Ndege ndogo nayo huweza kuteleza hivyo. Injini huisukuma mbele, lakini kinachoibeba ni mabawa. Kwa mfano, ndege aina ya Cessna 172 ikiwa mita 1,000 juu ya ardhi, na hakuna upepo, huweza kwenda kiasi cha kilomita 9 kabla ya kugusa chini. Hizo ni dakika 4 au 5 hivi.

Katika dakika hizo rubani hufanya mambo haya:

1. Huinamisha pua ya ndege kidogo ili mwendo usipungue. Mwendo ukipungua mno, mabawa hayawezi tena kuibeba ndege.

2. Huchagua mahali pa wazi, pasipo na miti, nyaya wala watu.

3. Hujaribu kuiwasha injini tena, na huomba msaada kwa redio.

4. Akikaribia chini hufunga mafuta na kuzima umeme, ili moto usizuke. Hutua akielekea upepo unakotoka, kwa sababu upepo wa mbele hupunguza mwendo.

Bibi Beryl Markham alikulia Kenya, akawa rubani huko. Mwezi wa Septemba 1936 alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kutoka Uingereza. Baada ya saa 20 hivi angani, mafuta hayakufika tena kwenye injini, nayo ikazimika. Alitua kwenye kinamasi huko Kanada. Ndege iliharibika, naye aliumia kichwa, lakini alipona.

Wewe ufanye nini ukiona ndege inashuka bila mngurumo? Usiikimbilie. Waondoe upesi watoto na mifugo mahali pa wazi. Rubani anapatafuta hapo hapo. Ndege ikisha kusimama, usivute sigara wala kuwasha kiberiti, maana petroli huenda inavuja. Usiguse panga la mbele, hata kama limetulia. Kisha wasaidie waliomo, na upeleke habari polisi na zahanati.

Maswali
1. Ni kitu gani kinachoibeba ndege hewani?
2. Kwa nini tusiwashe moto karibu na ndege iliyoanguka?
3. Katika kijiji chako, ndege ingeweza kutua wapi?